Gugumaji Hata Huku

Baba Atieno,

Natumai goti limetulia na unakula vizuri. Durban kuna upepo wa baridi, na samaki wao hafikii wa Kisumu.

Jana Atieno alinipeleka nje ya mji, kwenye bwawa lenye boti ya kutembeza watalii kama yetu. Ramani ya simu ikatufikisha upande usiofaa wa bwawa. Gati tuliliona ng'ambo, njia hakuna. Nikapunga leso, kama abiria wanavyokuita pale ufukweni Dunga. Atieno alicheka. Hakuna aliyekuja, ikabidi tuzunguke vilima mpaka tukafika getini.

Mlinzi ni Mkongo. Aliposikia Kiswahili chetu alisimama. "Mama, boti iko, lakini haitembei," alisema. "Majani imefunga maji yote."

Nilishuka gatini nikaona mwenyewe. Ni gugumaji, Baba Atieno, lile lile lililofunga mashua yetu, na maua yake ya zambarau. Boti yao imekwama katikati kama ng'ombe kwenye matope. Nilimuuliza mlinzi wanalitoaje. "Eish, wanatoa, inarudi," akasema. Chai niliyobeba kwenye chupa nikampa yeye.

Mimi nilidhani huku wana dawa, nikuletee. Hawana.

Vaa sweta jioni, na usikae ufukweni peke yako ukiitazama mashua. Yule mtu aliyetaka kuinunua akipita tena, usimfukuze. Mpe kiti.

Wako,
Mama Atieno