Parachuti Aliyoikunja Mumbi

New Hope, Minnesota
Tarehe 11 Juni

Kwa Mama Mumbi, mama mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi za heshima, mimi mkweo niliye mbali. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, mgongo umepunguza ukali wake, na baridi ya Nyahururu haikuzuii kutoka asubuhi kwenda kuwaangalia ng'ombe. Ukiipata, Mumbi atakuwa ameshafika na umeshamlisha mpaka ameomba msamaha. Sisi tuliobaki hatujambo. Lynette amemaliza darasa la tatu, na kila suruali niliyomnunulia wakati wa theluji sasa inamwishia kwenye muundi. Mimi niko palepale hospitalini, kwenye orofa ya chini isiyo na dirisha hata moja, naosha na kufunga vifaa vya upasuaji.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, na simu tunapigiana kila Jumapili. Mama, kuna maneno ambayo nikiyaanza kwa simu nitayakatiza katikati nikuulize habari za mvua. Ninajijua. Nimeona afadhali niyaandike, tena kwa Kiswahili, maana Kikuyu changu, miaka kumi na miwili tangu nioe kwako, bado kinawachekesha watoto wa shule ya chekechea.

Ni habari za ile roketi. Najua uliambiwa kwamba binti yako alirusha kitu cha kuchezea kikaanguka karibu na watoto wa watu, na ukamwambia kwa simu aache michezo, mwanamke mzima, asomee unesi kama wenzake. Ulisema kwa uchungu wa mama na sikulaumu. Lakini ulipewa habari nusu, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale kitandani, simu ikiwa wazi, nikikusikia ukisema, nikaendelea kukunja soksi.

Kwanza nikueleze kitu chenyewe, kwa sababu si cha kuchezea. Kiliuzwa kwa vipande ndani ya boksi: bomba la karatasi ngumu, mapezi manne ya mbao nyembamba, pua ya plastiki, na parachuti ya rangi ya machungwa. Ukikiunganisha kinanizidi kifua kwa urefu, na injini yake ina baruti ya kukipandisha juu kuliko jengo lolote lililoko Nairobi. Mumbi alianza Januari. Meza yetu ya kulia hatukuiona tena mpaka Mei. Alipiga msasa mapezi mpaka yakawa laini, akayabandika kwa gundi inayonuka hata tukalazimika kufungua dirisha mwezi wa pili, na wewe hujui, Mama, mwezi wa pili wa huku ukifungua dirisha ni nini kinaingia. Nilinung'unika. Nilivaa koti na kofia nikala ugali wangu kwenye kochi, nikimwuliza kama tunahamia mwezini rasmi ili nianze kufunga mizigo. Alicheka, akaendelea kupima pembe za mapezi kwa rula ya Lynette. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tulipoacha kwetu.

Maana unajua alivyokuwa. Miaka kumi na mmoja alifundisha fizikia kwa wasichana wale, na wengine ni wahandisi leo. Huku amekuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya heshima na anaifanya vizuri, lakini kila akipita karibu na shule jioni alikuwa akipunguza mwendo wa gari. Basi kanisa letu likaamua kufungua darasa la sayansi la Jumamosi kwa watoto. Mzee Timothy, mwenyekiti wa kamati, alimwambia Mumbi kwamba wazazi wengine wana wasiwasi, hawamjui kama mwalimu, wanamjua kama mama wa kupika chapati za harusi. Akamwomba aonyeshe kitu kimoja mbele yao, wakiridhika darasa ni lake. Na yeye alikuwa amepiga hesabu yake: akifundisha pale mwaka mmoja, barua ya kanisa itamsaidia kuomba leseni ya kufundisha katika shule za huku. Alitaka kusimama tena mbele ya watoto, Mama. Ni hilo tu.

Siku ilikuwa Jumamosi ya pili ya Mei. Kuna klabu ya watu wazima wanaorusha roketi kwenye shamba kubwa la nyasi, kusini kupita mji wa Savage, na wakakubali tuje. Tulikwenda familia kumi na nne na masufuria ya pilau kana kwamba ni arusi. Mzee Timothy aliiombea roketi kwa mikono miwili, maombi marefu mpaka Wazungu wakavua kofia wakazivaa tena. Wanaume wenzangu walinitania sana. Walisema mimi ndiye utingo wa roketi, kazi yangu ni kubeba boksi na kufunga mlango. Nilicheka nao, ila moyoni haikunipendeza.

Kabla ya kurusha, kijana mmoja wa klabu anayeitwa Brandon, ambaye kazi yake ni usalama, hukagua kila roketi. Aliitikisa, akavuta pua kidogo kuona inatoka vizuri, akamwuliza Mumbi nani aliyepanga parachuti, na kama imekunjwa kwa kulegezwa ili upepo uifungue. Mumbi akamjibu kwamba ameikunja yeye mwenyewe asubuhi hiyo, na imelegea. Brandon akatia alama kwenye karatasi yake.

Halafu Mumbi akawapanga watoto nyuma ya kamba. Wale watoto wetu wanaojibu kila kitu kwa Kiingereza, alikuwa amewafundisha kuhesabu kurudi nyuma kwa Kiswahili, wakahesabu kwa sauti moja kutoka kumi mpaka moja. Iliondoka, Mama! Ilinguruma mara moja ikawa imeshapaa, ikabaki moshi na watoto wamefungua midomo. Nilimtazama Mumbi badala ya kuitazama roketi. Alikuwa ameinua uso, na mkono wake uko kifuani.

Ilipofika juu kabisa tukasikia mlio mdogo, pua ikatoka kama ilivyotakiwa. Parachuti haikufunguka. Ilionekana kama kifundo tu kinachofuata nyuma ya bomba, na bomba likageuka likaanza kurudi. Brandon akapiga kelele watu wainue macho. Wairimu, mke wa Mzee Timothy, aliwalalia watoto wawili kwa mwili wake. Ilijichoma ardhini hatua kama ishirini kutoka kwenye ile kamba. Hakuna aliyeumia, asifiwe Mungu. Lakini watoto walilia, na mama mmoja akaanza kuwakusanya wake kuelekea kwenye gari bila kuaga.

Mumbi alisimama mbele ya watu wote akasema kosa ni lake. Alisema alikunja parachuti vibaya, akaomba radhi kwa kila mzazi, mmoja mmoja, huku sahani za pilau zikipoa. Wiki iliyofuata kamati ilimshukuru kwa moyo wake na kumpa kazi ile mtu mwingine, anayefundisha watoto kompyuta ndani ya chumba. Mumbi hakubisha. Fomu za kuomba leseni, alizokuwa amezijaza zote ikabaki sahihi, alizitia kwenye droo chini ya mashuka. Msasa na gundi akampa jirani. Aliniambia kwamba mtu asiyeweza kukunja kitambaa hafai kukabidhiwa watoto wa watu. Na siku moja Lynette aliniuliza, kwa Kiingereza chake, ni lini hasa mama aliacha kujua sayansi.

Mama, ile parachuti Mumbi hakuikosea. Iliyoanguka nilikuwa nimeikunja mimi.

Asubuhi ile Mumbi aliimaliza roketi akaiweka juu ya meza, akaniambia nisiiguse, akaenda kumsuka Lynette. Nami nina kiherehere cha mikono, wewe mwenyewe uliwahi kunitoa jikoni kwako kwa sababu nilipanga upya vikombe. Nikavuta pua nione tu ndani kukoje. Parachuti ikatoka yote na kamba zake. Niliona ilivyokunjwa, imelegea, haina umbo, nikajiambia huyu alikuwa na haraka, ngoja nimsaidie. Nikaikunja kama ninavyofunga mikasi na visu vya madaktari: kona ndani, kona ndani, bahasha juu ya bahasha. Na kazini kwetu kifurushi hakijaisha mpaka kibandikwe tepu. Kisipobandikwa kinarudishwa na unaulizwa. Ni miaka tisa sasa, mkono wangu haungoji kuambiwa. Nilikuwa na kipande cha ile tepu ya kazini mfukoni mwa koti, nikabandika sehemu mbili. Nikakitazama kifurushi changu, nikaona kimependeza, nikakirudisha ndani na pua juu yake. Kazi yangu mimi, Mama, ni kufunga vitu visifunguke.

Ungeweza kusema ni ujinga tu, na ningekubali ujinga. Lakini Brandon alipouliza kama imelegea, nilisikia kila neno. Nilielewa swali, na nilielewa jibu. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Wanaume wale waliokuwa wakiniita utingo walikuwa pembeni yangu, nikawaona watakavyocheka wakisikia nimechokonoa kitu cha mke wangu asichoniruhusu. Nikasema moyoni huenda itafunguka. Nikanyamaza, nikaacha watoto wapangwe nyuma ya kamba, na wangu akiwa mmoja wao.

Tena ilipoanguka mimi ndiye niliyekimbia wa kwanza. Watu walidhani nimekimbia kwa uchungu wa mke wangu, na hata leo kanisani wananisifu kwa hilo. Nilikimbia ili nifike kabla ya Brandon. Nikapiga magoti, nikazing'oa tepu zote mbili kwa kucha, nikazitia mfukoni, nikaitandaza parachuti kwenye nyasi ionekane imekunjwa ovyo. Wakati huo nyuma yangu nilimsikia Mumbi akiomba radhi.

Na tulipokuwa kwenye gari tukirudi, nilimwambia siku nyingine awe makini. Mimi nilimwambia hivyo! Tena kwa upole, mkono begani. Naona haya kuandika, na nimeandika ukurasa huu mara tatu, kila mara nikitafuta namna ya kuacha sehemu hiyo.

Utaniuliza kwa nini nakwambia wewe na simwambii yeye. Mama, najua tangu macho yako yaingie ukungu husomi tena mwenyewe. Najua Mumbi akiwa nyumbani yeye ndiye anayekusomea Biblia na karatasi za dawa, na kila kinachoingia mlangoni. Nilijua hivyo nilipoanza kuandika. Wiki tano nimekaa naye meza moja na sikuweza. Kesho uwanja wa ndege nitampa bahasha hii nimwambie ni salamu tu za mama, na atanibusu na kuipokea.

Kwa hiyo Mumbi, ni wewe unayesoma. Usiache, msomee mama mpaka mwisho. Hata maungamo yangu nimekutwika wewe uyatamke kwa sauti yako, na hilo nalo ni aibu yangu, liongeze kwenye mengine. Mikono yako haikukosea kitu. Parachuti uliyoikunja wewe ingefunguka. Fomu zako nimezitoa kwenye droo, ziko mfuko wa mbele wa sanduku lako, na siku ya mwisho ya kuzituma ni tarehe kumi na tano Julai. Jumapili hii, wakati wa matangazo, nitasimama mbele ya kanisa niwaambie yote, Brandon nimeshamwalika aje, na Lynette nitamwambia kabla ya hapo, nyumbani, sisi wawili. Usipotaka kurudi kwangu mwezi ujao sitauliza kwa nini.

Mama, nisalimie ndugu wote wa boma, wadogo kwa wakubwa, na majirani waliotuletea viazi siku ya kumsindikiza Mumbi mwaka ule. Lynette anakusalimu sana. Ameahidi kukusalimu kwa Kikuyu kwa simu, na nina hakika atanishinda. Mungu akulinde na akutengenezee macho yako.

Jambo moja tu naomba kwako, wewe uliyemlea na unayemjua. Nikiwa na kosa Mumbi ana tabia ya kunitetea kabla sijamaliza kusema. Pengine hata sasa ameshaanza. Nakuomba umnyamazishe.

Ni mimi mkweo,
Griffins