Salawati Saba za Hamad

Hamad,

Ijumaa nilisimama kaburini kwako, nikakutolea salamu, nikakusomea Yasini, kisha nikaondoka. Lililonipeleka sikulisema. Palikuwa na watu wakipalilia kaburi la jirani yako, na mimi si mtu wa kuungama mbele za watu. Kwa hiyo naandika.

Nianze na habari. Studio yako ya Chake Chake sasa ni duka la makava ya simu. Lile pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, walilosimama mbele yake maharusi wa nusu ya kisiwa hiki, wanafunikia pikipiki. Bi Maryamu hajambo. Eda yake imekwisha, na sasa anakaa kwa dada yake Gando. Baada ya arubaini aliniletea daftari lako lenye jalada jekundu, kalifunga ndani ya kanga. Akasema, "Marehemu aliusia liende kwa Mwalimu." Nililia, Hamad. Nilidhani umenichagua mimi.

Nikalifungua. Upande wa ndani wa jalada umeandika, kwa mwandiko ule ambao sikuweza kuunyoosha tangu tukiwa darasa moja: "La Zuhura. Mwalimu amtunzie."

Kumbe mimi ni kabati.

Zuhura ni mwanangu pekee. Nasema hivi si kwamba hujui, bali kwa sababu mara nyingi mlisahau nyote wawili. Alasiri nilipomwandalia masomo, alikuwa kwako chumba cha giza, akirudi ananuka dawa za kusafishia picha. Tukikaa kula, ni "Ami Hamad kasema" kabla ya tonge la kwanza. Ulipofariki, akiwa huko Amerika kwenye masomo yake ya uhandisi, alilia kwenye simu kwa muda wa saa nzima. Nilimsikiliza. Nikajiuliza, Mungu anisamehe, kama zamu yangu ikifika atalia hata robo yake.

Wiki tatu zilizopita aliniandikia. Kwa kawaida huniuliza afya, nami humjibu kwamba sijambo. Safari hii aliandika mengi. Watu wa chuo chao walipata nafasi ya kutazama roketi ikirushwa usiku, naye alitaka kuipiga picha. Hakutaka roketi yenyewe ikiwa imesimama. Alitaka kufungua lenzi moja kwa moja mpaka moto wenyewe uchore njia yake angani, kutoka ardhini hadi unapopotelea. "Kama picha ya Ami ya tanuu la chokaa la Wambaa," aliandika. "Mtandaoni kila mtu anasema lake, Baba, na roketi hairudi nikaipiga tena. Litafute daftari la Ami, kuna ukurasa wa tanuu. Niambie alitumia nini."

Ukurasa huo naujua. Umeandika: "Moto unaopanda. Filamu ya mia. Tundu la lenzi kumi na sita. Fokasi uiweke mchana, uigande kwa plasta. Usiiguse kamera, tumia waya. Salawati saba."

Hukuwa na imani na saa. Ulihesabu kwa kumsalia Mtume, sala ndefu ile ya Ibrahimu, ukisema kwamba anayengoja bure anapoteza thawabu. Nami nilikuiga. Unakumbuka? Wachoma chokaa walipowasha tanuu, nikaitega kamera yako ya pili kando yako, nikafuata kila ulichofanya, salawati saba kamili. Filamu zilipotoka, cheche zako zilikuwa nyuzi, moja moja, mtu angeweza kuzihesabu. Zangu zilikuwa weupe mtupu. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Weye Mwalimu, wamsalia Mtume kama wasahihisha madaftari! Mie nshamaliza, nshafunga, weye wavuta madda tu, kila sauti waiburuta." Na Zuhura, wakati huo ana miaka kumi na miwili, akashikilia mkono wako kwa kicheko. Mkono wako, si wangu.

Nilisoma ujumbe wake mara mbili. Kisha nikajibu: "Daftari sijaliona."

Nimefundisha watoto miaka thelathini na minane, na sikumvumilia hata mmoja aliyesema uongo. Niliandika maneno mawili hayo, nikaweka nukta, nikaenda kuswali Adhuhuri. Sikujua hata rakaa ngapi nimeswali. Ilinibidi nirudie.

Nikwambie ukweli wote. Sikuogopa kwamba ataikosa picha. Niliogopa kwamba ataipata. Nilimwona akiitundika ukutani kwake na kumwambia kila mgeni, "Hii nilifundishwa na Ami yangu." Ulikuwa umekufa, na bado ulikuwa unanitangulia kwa mwanangu.

Siku ya kurusha roketi ilifika. Asubuhi yetu, kwao ni usiku, nilikaa ukumbini na chai ikapoa. Ujumbe ukaja: upepo wa juu ni mkali, wameahirisha mpaka kesho. Halafu chini yake: "Baba, usijisumbue na daftari. Najua umelitafuta."

Hilo ndilo lililonishinda. Angenilaumu ningestahimili.

Nikampigia. Nikamwambia daftari ninalo, nilikuwa nalo siku zote, na ni lake. Akauliza jambo moja tu, "Salawati yake ilikuwa sekunde ngapi?" Maana wewe hukuandika, na yeye alikuwa mtoto, hakupima.

Nilipima mimi. Hilo hukulijua. Maulidini, mwaka ule tuliogombana juu ya usomaji wako wa haraka, niliificha saa chini ya mkono wa kanzu nikakupima, ili siku moja nikuoneshe aibu yako kwa tarakimu. Sekunde kumi na saba. Yangu ni thelathini na moja. Sikupata nafasi ya kukuonesha. Nilizihifadhi kichwani miaka yote hii kama ushahidi wa kesi, na sasa hakuna mtu mwingine chini ya mbingu anayezijua.

"Kumi na saba," nilimwambia. "Mara saba. Mia na kumi na tisa."

Akasema, "Nina saa, Baba. Lakini nisomee wewe. Kama yeye."

Basi kesho yake nilisimama ukumbini, simu sikioni. Nilisikia watu wa kule wakihesabu kwa Kiingereza, kisha mngurumo, na nikaanza. Nilizimeza madda, Hamad. Niliunganisha nilipopaswa kusimama. Nilimsalia Mtume kwa mbio zako, mimi, na ulimi wangu ukiona haya kila neno. Katika ya tano nikamsikia Zuhura anasoma pamoja nami, kwa sauti ndogo, kasi ileile. Hakukosea hata mahali pamoja. Ulimfundisha vibaya, na ulimfundisha vizuri sana.

Tulipomaliza ya saba akafunga lenzi.

Picha imefika. Ni mstari mmoja wa dhahabu, umeinama kidogo kuelekea baharini, na mwanzoni mwake, karibu na ardhi, hakuna weupe uliomwagika. Nimeitazama kutwa nzima. Bado nakuonea wivu. Nilitaraji wivu huo utaondoka baada ya kuungama, haukuondoka. Umepungua makali tu, nami siwezi kudai zaidi ya hapo.

Niwie radhi kwa lile neno nililosema juu ya daftari lako. Mola akunawirishie ulipo, akusamehe na haraka zako.

Zuhura anakuja likizo. Nitamkabidhi daftari mkononi mwake. Kisha nitamwomba anifundishe kamera, tangu kufungua kifuniko cha lenzi. Nakuahidi sitamsahihisha mpaka amalize.

Ndugu yako,
Khatibu