Papa, Nimemufundisha Kapita Kuvuta Sharete

Papa,

Nisikilize kwanza, kukasirika utakasirika nyuma. Kapita, farasi yako, anavuta sharete. Umesikia muzuri. Ile farasi uliyoipanda miaka yote kwa kuchunga ngombe, ile ulikatazaka hata kumuwekea gunia ya maharagi ku mugongo, leo iko navuta gari ya mbao ya magurudumu mbili, na mimi Furaha, mutoto wako wa kwanza, njo nilimufunga. Najua maneno yako: "Farasi ya kupanda ni muntu mukubwa, haivuti vitu." Najua, Papa. Lakini wewe ulienda ukatuachia maneno, na Mama akabakia na miguu mibaya.

Tangu tulikuzika, hapa Kirolirwe hapako tena vile ulipajua. Ngombe zote zilipelekwa siku moja. Anayejua nani alizipeleka hasemi, na mimi siulizi. Kapita alibaki tu kwa sababu nilikuwa naye ku muto, nikimunywesha. Basi farasi ikabaki bila kazi, na magoti ya Mama yakavimba mupaka yakakataa kabisa. Mara ya mwisho tulipokimbia masasi ya vita, tulimusukuma Mama mu burueti ya gurudumu moja mupaka Kitshanga. Njia yote ile, Papa, mu mawe na mu matope. Alikuwa ameshika pembeni na mikono mbili na kuniambia, "Uniache hapa, Furaha, mimi nimeishi vya kutosha." Sijui alisema mara ngapi. Kumupandisha juu ya Kapita haiwezekani, kiuno chake kinakataa. Tuliporudi nyumbani nikaapa kwamba siku ingine ya kukimbia, Mama atavutwa na farasi, ao na mimi sitakimbia.

Jirani yetu Janvier, yule wa kuchonga chukudu za mbao za kubebea mizigo, njo alitengeneza sharete. Kazi nzuri, siwezi kumusema vibaya. Akaniambia, "Farasi anayebeba muntu atashindwa kumuvuta?" Nikaona ni kweli. Wajinga njo tuliwao! Siku ya kwanza kabisa, Papa, mbele ya kujaribu na gunia ao na jiwe, tukamupandisha Mama. Kapita alitembea hatua kumi hivi, gurudumu likalia nyuma yake, akaanza kukimbia. Na mimi kwa kuogopa nikapiga ule mwito wako wa kumurudisha: "Kapita, yooo!" Akageuka mara moja, mwili muzima, kunitafuta. Muti wa sharete ukavunjika, na Mama akajikuta mu maharagi, mukono umeteguka. Alicheka, unamujua, alicheka ili tusiogope. Lakini alipoingia mu nyumba kuomba nilimusikia akilia, na mimi nikabaki inje nimeshika farasi.

Kutoka hapo nikatafuta muntu wa kumufundisha. Unafikiri ni rahisi? Huku kwetu kila muchungaji anajua kupanda, na kila mumoja aliniangalia sawa vile namupeleka mutoto wa Papa wangu kuuzwa. Mumoja akaniuliza kama nimekosa punda. Kijana mumoja wa Sake alikuja akijisifu kwamba anajua yote, akamufunga Kapita ku muti na kuanza kumupiga na fimbo mbele hata ya kujua jina lake. Nilimufukuza, Papa, na matusi nilimupa sitayaandika. Ni mama mumoja wa kuuza jibini ku soko ya Kitshanga njo aliniambia habari ya Papa Ndoole. Zamani, mu plantasio, yale mashamba ya Wazungu, alikuwa anaendesha ngombe za kuvuta. Leo anaishi mu kambi ya wakimbizi, mu nyumba ya shiti ya plastiki, na hana hata kuku.

Nilipomukuta hakuuliza kama farasi iko na nguvu, wala iko na miaka ngapi. Aliuliza, "Nani alimufundisha, na alimuita namna gani?" Nikamuonyesha, nikapiga mwito pale pale mu kambi, watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake alikuja kwetu, akamushika Kapita ku shingo, akamupapasa mupaka ku masikio. Nikaona macho yake yamejaa machozi, nikajifanya natafuta kamba.

Alituanzisha bila sharete. Kamba mbili ndefu kutoka ku kinywa cha farasi, na mimi natembea nyuma, natembea tu, asubuhi yote. Lakini kila nilipopiga mwito, Kapita aligeuka. Papa Ndoole akanielezea. Wewe, Papa, ulishukaka kumutoa mutoto wa ngombe mu shimo, farasi akaenda kula majani mbali, halafu ukamuita, naye akageuka akakurudilia. Kwa muchungaji ni akili kubwa ile. Kwa farasi yenye kufungwa ku sharete, pale ku muteremuko wa njia ya kanisa, ni kuua muntu. Akaniambia, "Ule mwito uishe. Si kwako tu. Kwa kila muntu wa hii nyumba."

Hapo njo nikamufikiri Mama. Maana wewe haujui hii: tangu ulikufa, Mama anakaa kila asubuhi ku mulango ku kiti chake, na anamuita Kapita na mwito wako. Sauti ya chini, sawa vile wewe ulifanya ukiwa na mafua. Farasi anatoka huko chini, anakuja mupaka ku uzio wa lupango, Mama anamupa ganda ya ndizi na wanaangaliana. Njo kazi yake ya kwanza mbele ya chai. Hata siku za masasi ya mbali alifanya vile. Sasa niende kumuambia nini? Nilizunguka siku tatu. Nilichukia Papa Ndoole, nilichukia miguu ya Mama, Mungu anisamehe, na wewe pia nilikuchukia kidogo kwa kufundisha farasi yako vizuri namna ile. Siku ya ine nikamuambia. Akakunja nguo yake ya kikwembe ku magoti, akasema, "Sawa. Mufundishe." Asubuhi ile ingine kiti hakikutoka inje.

Papa Ndoole anatumia maneno ya plantasio. Kapita sasa anajua "avanse" ya kwenda na anajua "arete" ya kusimama, Kifaransa chake kinashinda cha mwalimu wetu wa shule ya primaire. Tulicheka sana na hiyo. Tulimuzoeza na muti wa kukokotwa, halafu na sharete tupu, halafu na magunia, pikipiki zikipita karibu zikipiga honi. Na kila siku, kwa makusudi, mimi nilisimama nyuma yake nikipiga mwito wako, na Papa Ndoole akishika kamba ili asigeuke. Kila siku, Papa. Mupaka koo ikaniuma.

Siku ya Mungu iliyopita tukamupandisha Mama, tukaenda ku kanisa. Papa Ndoole alitembea ku kichwa cha farasi, Janvier nyuma, mimi na kamba. Pale mwanzo wa muteremuko, bila muntu kumuomba, Mama akapiga mwito. Si sauti ya chini. Yote, sawa yako siku za mbuga: "Kapita, yooo!" Nikakaza kamba. Sikio moja la farasi likarudi nyuma kidogo. Halafu akaendelea kutembea, pole pole, muzuri, mupaka chini.

Janvier akapiga makofi. Papa Ndoole akasema, "Iko tayari." Nikageuka kumuona Mama nikifikiri anacheka, kumbe amefunika uso na kitambaa. Akasema, "Basi njo amekufa kweli." Tuliingia mu kanisa tumechelewa, wakatupisha ku benchi ya nyuma.

Papa, sijui kama nilifanya vizuri. Kitu kimoja kilikuwa kingali kinakuitikia hapa duniani, na mimi njo nimekikataza. Inaniuma, inaniuma kabisa, na kila asubuhi naangalia ule mulango bila kiti. Lakini ikiwa masasi yatarudi, hata kesho, Mama ataenda akiwa amekaa, na hakuna muntu ataambiwa tena amuache njiani. Hiyo nakuahidi mbele ya Mungu. Na siku nitakapokosa nguvu, nikitaka kukuita, nitapanda ku kaburi yako kwa miguu yangu, Kapita nimemuacha mbali, asisikie.

Lala, Papa.

Mutoto wako,
Furaha