Sima Chini ya Mbuzi

Lemera, 9/2/2024

Yaya Félicien,

Salamu kwako, kwa Mama Michée na watoto. Sisi tuko wazima. Mtoto wangu Upendo alitoka hospitali juzi, homa imeshuka, tunamshukuru Mungu. Naona simu yako inaita, sipokei, kwa sababu kwenye simu weye unasema na minye nasikiliza. Leo utasoma mpaka mwisho.

Siku kumi na mbili nilikuwa kando ya kitanda cha mtoto. Kurudi nyumbani nakuta nyumba ya mbuzi haina sakafu yake. Zile mbao marehemu baba alizipasua akaziweka juu ya nguzo, ili mavi na mikojo vianguke chini na mbuzi walale pakavu, haziko. Mahali pake kuna sima, saruji ngumu, sawa kama meza. Jirani ameniambia ulipanda na fundi, mukafanya kazi siku tatu, ukashuka Uvira na mbao.

Ile nyumba naifagia minye, mwaka wa tisa sasa. Haukuniuliza. Leo asubuhi nimewakuta mbuzi wote wamesimama kwenye kona moja, mikojo imetuama katikati, hakuna aliyelala.

Rudisha mbao.

Mudogo wako,
Consolée


Songo, Uvira, 17/2/2024

Mudogo wangu Consolée,

Bwana asifiwe. Tumefurahi Upendo kupona. Sisi wote wazima, ila barua yako Itangishaka wa pikipiki alinipa mbele ya wateja, nikaisoma nimesimama, na moyo ukaniuma.

Nilidhani nitapata aksanti. Sima ni maendeleo, inaoshwa na maji, mbao zinaoza. Baada ya Pasaka wakwe wa kijana wangu Michée watapanda kutoka Luvungi kuchagua mbuzi wa mahari, na sikutaka wakute mbuzi wetu wanalala juu ya miti kama kuku. Mbao nimezitengenezea rafu za duka, zimekwisha kukatwa. Baada ya baba, mukubwa ni minye, sikuona sababu ya kuomba ruhusa.

Kama kuna maji, fagia.

Yaya wako,
Félicien


Lemera, 14/3/2024

Yaya Félicien,

Salamu. Watu wazima, mbuzi hapana.

Nafagia mara tatu kwa siku. Naweka majani makavu, yanalowa kabla ya saa sita. Mvua haipumziki, na baridi ya huku unaijua. Kwato zimelainika, zinaoza na kunuka. Watoto wawili wa mbuzi wamekufa kwa kikohozi. Saba wanachechemea. Veterineri, daktari wa mifugo, alipita akauliza nani aliweka sima bila mteremko na bila mufereji. Nikamwambia ni mukubwa wetu.

Ahirisha wageni, ao panda na mbao. Nangoja jibu.

Mudogo wako,
Consolée


Lemera, 12/4/2024

Yaya,

Sikuulizi habari, tulionana Jumamosi. Barua ya mwezi wa tatu haukuijibu, ukapanda na wageni bila kuniambia.

Nilimuona baba wa msichana akiinua muguu wa mbuzi wa kwanza, akanusa vidole vyake, akauachilia. Wa pili hivyo hivyo. Alisema kwa upole kwamba watarudi kiangazi. Hapo ungenyamaza. Lakini ulisema mbele ya wote: "Mutusamehe, mudogo wangu ni muvivu. Tangu bwana yake afe, hajui tena usafi."

Wageni waliangalia chini. Minye nikaenda kupakua ugali, kwa sababu mama alitufundisha kutogombana mbele ya wageni. Sasa wageni hawako. Weye uliweka sima ukashuka; kuchota mavi na kuzika watoto wa mbuzi kumebaki kwangu. Muvivu ni nani?

Jumatatu niliazima nyundo kubwa. Wamama wawili wa kanisa walikuja, tukaivunja sima yako yote, na vipande tukaziba mashimo ya njia ya kwenda mutoni. Mikono yangu imechubuka na nimefurahi. Nimesimamisha nguzo, nimetandika mianzi. Juzi mbuzi wamelala.

Wale mbuzi wagonjwa watatu uliowabeba kwa hasira, ukisema utawaponya mwenyewe kule Songo, uwaangalie.

Consolée


Songo, Uvira, 2/6/2024

Mudogo wangu Consolée,

Bwana asifiwe. Upendo yuko namna gani? Itangishaka ameniambia amerudi masomo. Sisi tuko, lakini si vizuri.

Wale watatu niliwaweka nyuma ya duka, kwenye sima. Niliwaza kwamba huku ni joto, patakauka haraka. Mama Michée alifagia wiki mbili, akanipa ufagio akasema mbuzi ni wa kwetu, si wa kwao. Tangu siku ile nafagia minye, kabla ya kufungua duka, na tena mangaribi. Wateja wanashika pua. Jumatano mumoja amekufa. Wawili hawasimami vizuri.

Nafagia, Consolée, na hapakauki.

Niandikie namna ya kujenga ile sakafu.

Yaya wako,
Félicien


Lemera, 5/6/2024

Yaya Félicien,

Salamu kwako na kwa Mama Michée, umwambie nimemuelewa. Huku tuko wazima wote.

Tafuta mianzi iliyokauka. Nguzo zifike kwenye goti. Kati ya muanzi na muanzi acha nafasi ya kidole kimoja tu, mavi yapite, kwato isizame. Bati litoke nje urefu wa mukono ili mvua isirukie ndani. Chini ya sakafu fagia kila siku mbili, mwaga majivu. Hao wawili, kata sehemu ya kwato iliyooza, osha na maji ya chumvi, pangusa mpaka pakauke, ndipo uwapandishe.

Nimekuandikia hayo kwa sababu mbuzi hawana kosa.

Lile neno la uvivu, wageni walishuka nalo mpaka Luvungi. Juzi sokoni mwanamuke nisiyemjua aliniuliza kama ni minye yule. Barua haitaliondoa, na usinitumie sukari. Wakwe wanarudi mwezi wa saba. Mbuzi kumi wako tayari, wanakanyaga vizuri. Mpaka utakaposimama mbele ya watu wale wale na kusema ukweli wa ile sima, hakuna hata mumoja atakayetoka mulangoni.

Mudogo wako,
Consolée