Tangazo la Kifo cha Ndondi

Guled! "Kwa masikitiko makubwa, tunatangaza kifo cha ndondi Garissa. Mazishi ni leo baada ya Alasiri, kwenye ukumbi wa video."

Unakumbuka? Ndilo tangazo nililobandika mlangoni pa klabu yetu ya ndondi mwaka 1998, tukiwa kidato cha tatu.

Sasa hivi natoka makaburini. Tumemzika Kochi Sora. Kochi mwenyewe, Guled.

Jumamosi ile ilikuja kanda ya wale wanaopigana ndani ya uzio, mateke na kukabana koo. Tukasema ndondi ni ngumi tu na kusubiri kengele. Klabu nzima ikaenda video. Kochi akakaa peke yake na glavu zake hadi Magharibi, na hakuna aliyerudi tena, hata sisi.

Alilitunza lile tangazo! Binti yake, Kaltuma, amelitoa ndani ya glavu. Akaniuliza, "Walaal, ndugu yangu, nani aliandika hili? Baba alikuwa anamngoja."

Nikasema ni wewe. Wallahi, nilisema ni wewe.

Akanipa kalamu niandike jina na namba yako nyuma yake, akupigie. Nikaandika. Akaigeuza karatasi, akatazama, akaigeuza tena.

"Mwandiko ni uleule, walaal."

Nikakiri: ni mimi.

Hakunitukana. Alisema tu, "Baba hakukasirika. Hakunitajia jina, ila alitaka ujue ngumi yako ya kushoto ilikuwa nzuri kuliko zote."

Nisamehe, Guled. Yeye siwezi kumwomba tena.