Kuku Aliyekatazwa na Mwenye Ploti

Bakoki Barasa, mwenzangu wa jando,

Umeme umepotea tangu asubuhi. Wateja wameacha madebe yao ya mahindi kwenye foleni, wakaenda kunywa chai, nami nimebaki peke yangu na kinu kilichonyamaza. Kwa hivyo nina muda wa kukuandikia.

Hapa Kitale mambo ni yale yale. Ule mkanda wa mashine uliosema hautafika Krismasi bado unavuta vizuri. Ulikosea, na sina wa kumcheka.

Mazishi yako kule Bokoli yalikuwa makubwa, ungeyapenda. Kwaya ziliimba, watu wa kanisa walikuja, na hata wale mliokosana nao wakaja. Wote walikula. Mahindi yaliisha ghalani, maharagwe yakaisha, na kuku wa shemeji wakaisha mmoja mmoja hadi jogoo. Unajua tulivyo. Tunakuja kumlilia mtu, halafu tunamaliza chakula cha aliowaacha.

Tulirudi baada ya wiki chache, mimi, Mama Nanjala na Nanjala wetu, ambaye sasa ana miaka tisa. Nilibeba gunia la unga kutoka kwenye kinu hiki tulichokianzisha wewe na mimi. Shemeji, Mama Simiyu wako, alitupokea vizuri, akatuandalia strungi, chai isiyo na maziwa, na viazi vitamu. Tulipoaga, nilikuta gunia langu limewekwa mlangoni, tayari kwa safari. "Hatujafika hapo, shem. Wapelekee wale wenye shida." Alisema kwa adabu kabisa.

Ni siku hiyo alipotuambia kwamba Simiyu, kifungua mimba wako, ataacha shule muhula ukiisha, aende kwa mjomba wake kule Suam kuchunga ng'ombe. Alilitaja jambo hilo kama mtu anayesema mvua itachelewa. Nilibishana naye kidogo. Bure. Ulioa mtu wa kichwa kama chako, na nyinyi wawili mlijua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kutoa ni moyo, lakini kupokea ni kazi ya misuli.

Njiani Nanjala akaniuliza, "Baba, kwa kina Simiyu hakuna jogoo. Sasa nani anawaamsha?" Nikamwambia wana simu. 

Safari iliyofuata alibeba Madam ndani ya kikapu. Madam ni kuku wake. Alimpa jina hilo kwa sababu anatembea kama mwalimu wao wa darasa, kifua mbele, akichungulia kila kona. Amemfuga tangu akiwa kifaranga. Nilidhani anamtembeza tu, maana watoto wana mambo yao. Kumbe hata salamu hazijaisha, akamwambia shemeji: "Mama Simiyu, mwenye ploti ametukataza kuku. Naomba unifugie huyu. Akiangua tutagawana."

Nilifungua mdomo kumsahihisha. Mwenye ploti, tunayempangia nyumba, hajakataza lolote, yeye mwenyewe anafuga bata. Mama Nanjala akanikanyaga mguu, na unajua hana mguu mwepesi.

Shemeji alimwangalia mtoto, kisha akamwangalia kuku. "Haya, lete. Wacha nikusaidie basi."

Desturi hiyo ni yetu, bakoki. Aliyeishiwa kuku hupewa mmoja wa kufuga, vifaranga wanagawanywa, na hakuna anayeitwa maskini. Mama zetu walifanya hivyo mbele ya macho yetu. Mimi nilibeba gunia. Sote tulikuwa tunakimbilia kumsaidia yule mama, na ni mtoto peke yake aliyemwomba msaada.

Tukirudi, Nanjala alilia mpaka Kiminini. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema hapana, analia tu.

Madam akaatamia, akaangua. Mwewe alichukua vifaranga wawili watatu, waliobaki wakakua. Siku ya kugawana ilipofika Nanjala alisema mwenye ploti bado ni mkali, waendelee kukaa huko huko. Shemeji akauza majogoo kadhaa sokoni, akaanza kuuza na mayai. Sisemi kuku ndio waliofanya kila kitu. Alilima sukuma wiki pia, na kaka zako walijitahidi. Lakini Simiyu hakwenda Suam. Yuko shule. Na siku hizi shemeji anapokea unga wangu, kwa sababu sirudi Kitale bila mayai yake.

Jumapili iliyopita alituchinjia jogoo. Unakumbuka vile tulivyopigania firigisi? Kwako mimi ndiye niliyekuwa mgeni, kwa hivyo ilikuwa haki yangu, na kuna siku uliila jikoni halafu ukamsingizia paka. Basi nilikaa pale nikijua leo hakuna wa kuninyang'anya. Shemeji akapakua. Akanipa paja, akampa ami yako kidari, halafu akaiweka firigisi kwenye sahani ya Nanjala.

Ami yako akakohoa. Enzi zake mtoto wa kike hata mchuzi wa kuku hakuonja. Shemeji hakumwangalia yeye wala mimi. Alisema tu, "Kula, mama. Halafu unisalimie sana huyo mwenye ploti wenu."

Alijua. Nafikiri alijua tangu siku ya kikapu.

Nanjala aliimaliza yote bila kumgawia mtu. Mimi nilitoka, nikaenda mpaka kwenye kaburi lako, nikajifanya naangalia kama nyasi zimeshika. Nililia pale, Barasa. Sikulia siku tuliyokuzika, nilikuwa na kazi ya kupanga viti. Nililia Jumapili hiyo, kwa sababu ya firigisi, na kwa sababu wewe ndiye ungecheka kwanza.

Umeme umerudi, watu wanarudi na madebe yao. Pumzika, ndugu yangu. Simiyu atasoma maadamu kinu hiki kinazunguka, hilo ni langu. Na salamu za shemeji kwa mwenye ploti nimezibeba. Nakuahidi, maadamu niko hai, mwenye ploti hatakubali kuku hata mmoja.

Bakoki wako,
Baba Nanjala