Gari Lisilolala Kwenye Kona

Lindi,
Mfunguo Nne, 1954

Kwa dada yangu Kazija binti Kibwana, Kilwa Kivinje.

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, lile goti limepunguza kuuma, na kuku wako hawajamaliza mchicha wa jirani yako Kudra. Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Mke wangu Mastura anakusalimu, anasema achari uliyotuma imekwisha na chupa ameiosha, na maana yake unaijua.

Mara ya mwisho nilipokuja nilikuomba uje Lindi umwone Mama. Ukaniambia utakuja, lakini kwa chombo, kaskazi ikianza. Nikasema kuna gari. Neno hilo sikulimaliza; uliinuka ukaenda kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Sikukasirika. Ndiyo sababu safari hii nakuandikia, maana maneno yangu huyasikilizi hadi mwisho, lakini barua hujapata kuiacha katikati tangu siku zile uliponifundisha kusoma kwa kunifinya sikio.

Najua kwa nini unaliogopa gari. Lori lililomwua shemeji Huseni, Mungu amrehemu, nawe ukiwa pamoja naye juu ya mizigo, lililala ubavu kwenye kona ya mteremko, katika njia hii hii ya kuja Lindi. Tangu siku hiyo unasema kwamba gari likilala haliamki na wote. Kauli hiyo ninayo kichwani kila ninapoingia chini ya gari, na kazi yangu ndiyo hiyo, kuingia chini ya magari.

Lakini mimi namkumbuka Kazija mwingine. Nakumbuka lori la Tingi likipiga honi, nawe ni mke wa mtu mwenye heshima zako, unatupa mwiko na kutoka mbio kama mtoto. Wewe na shemeji mlipokuwa mkienda Tingi kununua mihogo na korosho, ulikataa kukaa mbele karibu na dereva. Ulikaa juu ya magunia ukishika kamba, ukarudi na vumbi hadi kwenye kope, unacheka. Mama akikuuliza una wazimu gani, unamjibu kwamba kule juu upepo hauna mwenyewe. Mimi nilijifunza kwako kupenda gari. Yule Kazija nina hamu naye sana, dada.

Sasa habari ya gari lenyewe. Bwana Kosta, yule Mgiriki mwenye shamba la mkonge ninakofanya kazi, alileta kutoka Mombasa gari la mashindano, la milango miwili, pua ndefu, linanguruma hata likiwa limesimama. Kwa mbio halina mfano, lakini kwenye kona lilikuwa linalala. Ukikata kulia, mwili wote unaegemea kushoto, na magurudumu ya upande wa pili yanataka kuiacha ardhi. Bwana Kosta akaniambia nilitengeneze kabla ya mashindano yao ya njia ya Mingoyo, akaenda zake kunywa kahawa.

Mimi nami, kwa pupa yangu, nikakaza. Nikatoa springi zake laini nikatia nzito, na nyuma nikaongeza jani la springi ya lori. Loo! Likawa punda. Kila jiwe tuliliruka, na kofia ya Bwana Kosta ikabaki njiani wakati mwenyewe amekwishafika. Alinitukana kwa Kigiriki, wala sikuhitaji mkalimani.

Nikakaa siku kadhaa nimenuna. Halafu nikakikumbuka kile kitanda chetu cha kamba tulicholala watatu, wewe na mimi na marehemu ndugu yetu Bakary. Kamba zikilegea, aliyekuwa mzito alizama, na sisi wengine tukamporomokea, na asubuhi Bakary analia kwamba amelaliwa. Baba alipokiwamba upya hakukaza kamba moja moja hadi zikalia. Alizipitisha kutoka upande huu hadi upande ule, ili mmoja ukizama uuvute na wa pili. Usiku ule kila mtu alilala mahali pake, na kitanda kilikuwa laini vilevile. Nawe ulilalamika, ukasema sasa alfajiri ina baridi na hakuna tena wa kumwegemea. Baba alicheka mpaka akaiweka nyundo chini.

Basi nikarudisha springi karibu na zilivyokuwa, ila nikazifupisha kidogo gari likae chini. Zile shokamzoba, vyuma vinavyozuia springi zisicheze hovyo, nikazitia mafuta mazito. Kisha nikamwendea mhunzi Likwata, Mmwera wa Mingoyo, tukakunja fimbo ya chuma ipite chini ya tumbo la gari, kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, ili upande mmoja ukizama uuvute na mwenzake. Ya kwanza ilikatika, tukalaumiana. Ya pili tuliipoza katika mafuta ya nazi badala ya maji, na hiyo ipo hadi leo.

Mastura unamjua, hutapika hata kwa kuliona basi. Nilimpakia hadi Mingoyo na kurudi, kona zote, mwendo wa kutawanya kuku. Tuliporudi aliuliza kama kuna muhogo wa kuchoma, kwa sababu ana njaa. Hapo nikajua nimeweza. Bwana Kosta alishika nafasi ya pili katika mashindano, akafurahi kuliko aliyeshika ya kwanza, akaniuliza nataka zawadi gani. Nikamwomba gari lenyewe kwa siku mbili. Alicheka hadi akakohoa, kisha akaona kwamba mimi sicheki, akanipa ufunguo. Alisema nikilikwaruza nihamie Songea.

Sitakudanganya, dada. Njia ya Lindi na Kivinje ni mawe na makorongo matupu. Kwa ajili yake nimeliinua tena gari kidogo, lakini litakurusha, na goti lako litasema. Litakurusha, ila halilali.

Sasa nije kwenye lile ambalo Mama alinikataza. Mama hataifikia kaskazi. Tangu mwezi uliopita hainuki kitandani. Sisi ndio tunaomgeuza. Daktari alimtazama, akatuambia tumpe kila anachokipenda. Uji anakunywa vijiko viwili, anashukuru. Nywele zake Mastura haruhusiwi kuzigusa. Anasema Kazija atakuja kuzisuka, na papo hapo anatuapisha tusikuite, kwa sababu hataki utolewe kwa nguvu katika hofu yako. Anasema mwanawe akija, na aje kwa kupenda. Kiapo hicho nimekivunja, na dhambi yake ni yangu peke yangu. Naogopa, dada. Naogopa ataondoka huku akiutazama mlango.

Juu ya barua nimeandika Lindi, na kweli nilianzia huko. Lakini maneno haya nayaandika Kivinje, barazani kwa Kudra, naye nimemwomba akuletee barua bila kusema neno, kazi ambayo kwake si ndogo. Leo asubuhi niliipita ile kona. Nilisimama, nikamsomea shemeji Fatiha, nikaendelea.

Ukisema hapana, nitaingia ninywe chai yako, tuongee habari za kuku, wala sitakulaumu mpaka kufa kwangu. Ukisema ndiyo, usihangaike kujibu, funga mlango utoke. Nitakwenda mwendo utakaoutaka wewe, hata tukipitwa na baiskeli. Na kwenye ile kona, ukitaka kushuka, tutashuka wote wawili, nitakushika mkono tuipite kwa miguu, nikuketishe upande wa pili kwenye jiwe, kisha nirudi kulichukua gari.

Mastura na watoto wanakusalimu. Likwata, ambaye hujamwona, anakusalimu. Mama hakunipa salamu, kwa kuwa hajui nimekwenda wapi. Mungu akupe moyo, dada yangu, akulinde ukikaa na akulinde ukiondoka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Abdulatifu Kibwana,
niliyesimama hapa nje.